Kiti cha Tabo

Kabla sijafika kwenye habari ya tabo, niieleze kwanza ile pikipiki, maana hapa mtaani kwetu Isevya bado wapo wanaoamini niliiokota, na wengine wanasema nimepewa na mashetani. Nilipewa na muuza duka.

Nilikuwa nauza asali. Naitoa Ipole, naileta Tabora mjini, na mteja wangu mkubwa kwa miaka mingi alikuwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la nafaka. Mwanawe aliwahi kuleta pikipiki ya mbio, ya Kijapani, silinda nne, nyekundu kama pilipili iliyoiva. Yule kijana akaenda kusoma ng'ambo, akasoma mpaka akaolea huko huko, na pikipiki ikabaki stoo imeegemea magunia ya mchele. Siku moja nimepeleka asali, mzee wa watu akajigonga ugoko kwenye kile chuma. Akakaa chini, akaushika mguu, akaniambia, "Mzee wa asali, hii nikiikuta hapa kesho naitupa mtaroni. Ichukue." Nikacheka. Yeye hakucheka. Kesho yake akanipa na karatasi zake zote, tukaenda kubadili jina kwenye kadi, basi.

Leseni ninayo, wasije wakauliza.

Sasa pikipiki ya mbio haikaliwi kama hizi za bodaboda. Hizi unakaa kama mtu aliyealikwa chakula. Ile unalala kifudifudi, tumbo juu ya tangi, makalio juu, kidevu mbele, kama kenge anayeota jua juu ya jiwe. Wiki ya kwanza nilikuwa nikishuka nabaki nimepinda hivyo hivyo mpaka mke wangu anisugue kiuno. Watoto wa mtaani wakaanza kuniita Babu Kenge. Nikawaachia. Mtu akishakuwa na umri wangu, jina lolote ambalo si "marehemu" ni jina zuri.

Kiti chake kilikuwa kimechanika, sponji linachungulia. Mimi nimetundika mizinga ya nyuki tangu sijaota ndevu, na nikifunga kitu hakifunguki. Nikachukua ngozi ya mbuzi, nikaivika juu ya kiti, nikaishona kwa waya ule ule wa kufungia mizinga, nikaupitisha waya chini ya fremu, nikauzungusha, nikaukaza kwa koleo. Ngozi, kiti na pikipiki vikawa kitu kimoja. Manyoya sikuyatoa, maana yanasaidia asubuhi za baridi. Ulikuwa ufundi mkubwa na nilijivunia. Nilimwambia kila mtu: hapa chezea kokote, kiti changu kisiguswe.

Pikipiki nilikuwa nailaza stoo, humo humo mke wangu anamoweka matobolwa. Kwa asiyejua, matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwakatwa vikaanikwa mpaka vikauka. Unaweza kutafuna kimoja toka hapa mpaka stesheni kikawa bado hakijaisha. Wazee husema hata jina la Tabora limetokana na hayo matobolwa. Mimi sikusoma sana, niliishia pale mwalimu alipoanza hesabu za herufi, lakini hilo nililisikia kwa babu yangu na sina sababu ya kulikataa. Nayataja kwa kuwa wakati huo nyumbani kulikuwa na kesi. Matobolwa yalikuwa yanapungua. Mke wangu alikuwa amekwisha toa hukumu.

"Mzee, unanila matobolwa yangu kwa siri."

"Kwa meno gani?"

"Hayo hayo unayonichekea nayo."

Nikakana, akakataa. Tukaishi hivyo.

Basi pikipiki ikaanza kukosa pumzi. Ukiiwasha inanguruma vizuri, ukiwa mjini polepole hakuna neno, lakini ukiikamua barabarani inabanwa. Inakohoa, inatoa moshi mweusi nyuma, inakunywa petroli kama imetoka jangwani, na mwendo hauongezeki. Aibu yake niliipata kwenye harusi ya mtoto wa jirani. Bibi harusi alikuwa anapelekwa Sikonge, na watu wakaniomba nitangulie msafara kwa sababu pikipiki yangu inapendeza kwenye picha. Nikatangulia. Ule mwinuko kabla hujafika Sikonge, ambao kwa kweli si mlima, ni ardhi tu imevuta pumzi, pikipiki ikabanwa. Likanipita gari la maharusi. Likanipita basi dogo la kwaya, na kwaya inaimba. Likanipita lori la tumbaku. Mwisho kabisa akanipita mtani wangu na kapikipiki kake ka Kichina, amefunga mbuzi nyuma. Yule mbuzi alinitazama. Sijui alikuwa amejua habari za ngozi ya kiti changu, lakini alinitazama mpaka wakapotea.

Huyu mtani wangu ni Mzaramo. Alikuwa mfanyakazi wa reli stesheni ya Tura, akastaafu, akasema pwani kumejaa watu, akajenga hapa Isevya nyumba ya tatu kutoka kwangu. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba pembe na mizigo kutoka huku mpaka pwani na kupita katikati ya nchi yao. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu na huna ruhusa ya kununa. Kwenye harusi yako au msiba wako anaweza kukamata kitu chako akasema ni ada yake, na huna ruhusa ya kumnyang'anya. Ukikasirika umeshindwa wewe. Nami nimemfanyia yangu. Siku ya maziko ya baba mkwe wake nilikamata jeneza nikasema halipiti mpaka nipewe kofia yake. Ile kofia ninayo mpaka leo.

Jioni ya aibu ile akaja barazani kwangu kunijulia hali.

"Mtani, mimi nina swali la historia," akasema. "Babu zako walitoka hapa mpaka Bagamoyo na pembe kichwani, kwa miguu, hawakuhema. Wewe umekalia silinda nne, Sikonge tu hapo, unahema kama bata. Damu imepungua wapi?"

"Na babu zako walikuwa wanakaa wanangoja sisi tulete pembe, wakitafuna nazi," nikamwambia. "Angalau mimi naenda mahali."

"Unaenda. Sikatai. Kufika ndiyo kazi."

Lilinichoma hilo kuliko nilivyoonyesha, na sababu ni kwamba babu wa babu yangu alikuwa kirangozi, yaani yule mtu anayetangulia msafara, mwenye kujua njia, na kila mtu nyuma yake anakanyaga alipokanyaga yeye. Sisi katika ukoo wetu hatuna ng'ombe wengi wala hatuna padri wala daktari. Tuna kirangozi.

Na mjukuu wangu alikuwa anaolewa.

Mjukuu huyu ndiye mke wangu mdogo, kwa utani wa babu na mjukuu, na mke mkubwa analijua hilo na ameridhia. Alichumbiwa na kijana wa Ipole, wa familia ya wafuga nyuki, Wamoraviani kama sisi. Ndoa ingefungwa mjini asubuhi, kisha msafara mzima umpeleke Ipole kwa wakwe, mwendo wa kutosha, zaidi ya Sikonge. Akaja kunikalisha kitako.

"Babu, mume wangu mkubwa, siku ile wewe ndiye utakayetangulia. Nataka nikiangalia mbele kwenye kioo cha gari nione mgongo wako."

"Utaniona, mke wangu."

Mtani alikuwa amekaa pale pale, anakunywa chai yangu. Akakohoa, kikohozi kile kile cha pikipiki yangu, akakiiga vizuri mno.

Kamati ya harusi ilipokaa akasimama akasema, "Ndugu wajumbe, mwenye pumzi ndiye atangulie. Mashine ya mzee ikiwa imepona, mbele. Ikiwa bado inakohoa, mimi mbele na kapikipiki kangu, na yeye apande lori la masufuria, akashike vifuniko visilie njiani." Kamati ikacheka, ikapiga makofi, ikakubali. Kamati ya harusi ikishapiga makofi ni sheria. Mwenyekiti akaandika. Ndiyo nikalala na picha hiyo kichwani: mjukuu wangu anaolewa, mbele anauona mgongo wa Mzaramo, na mimi nyuma kabisa nimekumbatia sufuria la pilau.

Nikaenda kwa fundi.

Fundi wangu ana karakana yake hapa hapa Isevya chini ya bati, ni mtu mzima mwenye tumbo na kelele, na kila anachokijua anakijua mara mbili: mara moja kwa mikono na mara moja kwa video za kwenye simu. Akaiendesha, akarudi, akazima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ulishaniamkia asubuhi."

"Naamkia tena, kwa heshima ya hii mashine. Kichujio cha hewa uliwahi kukiangalia?"

"Kiko wapi?"

"Chini ya tangi. Na tangi halitoki mpaka kiti kitoke."

"Basi kibaki huko huko."

"Mzee, nikikata huu waya..."

"Fundi. Kiti changu kisiguswe."

Akainua mikono. Akafikiri. Ndipo akasema lile neno: "Basi labda tuifunge tabo."

Akanieleza, na hapa nilielewa upesi kuliko alivyotegemea, kwa sababu babu yangu upande wa mama alikuwa mhunzi. Injini ni tanuri. Tanuri bila hewa halichomi, moto unasinzia. Mhunzi ana mivukuto, ile mifuko ya ngozi, mtu anaikandamiza huku na huku, hewa inaingia kwa nguvu, chuma kinakuwa chekundu. Tabo ni mivukuto. Tofauti yake ni kwamba haina mtu wa kuikandamiza; moshi wenyewe unaotoka kwenye injini unazungusha kigurudumu kidogo chenye mapanga, kile kigurudumu kinazungusha mwenzake upande wa pili, na mwenzake ndiye anayesukuma hewa ndani. Moshi unajipulizia. Nilimwambia fundi kwamba babu yangu angelijua hilo angelia.

"Lakini si kila tabo, mzee," akasema. "Pikipiki hii haikutoka nayo kiwandani. Ya kufunga baadaye ukikosea kuichagua, inaua injini kabla hujafika Kipalapala."

Tukaanza kuchagua. Nilidhani ni kama kuchagua jogoo, kumbe ni kama kuchagua mkwe.

Ya kwanza ilitoka hapa hapa mjini, kwa muuza vyuma chakavu, imetolewa kwenye lori. Kubwa kama sufuria la kamati. Nikaipenda, mimi napenda vitu vikubwa. Fundi hakuigusa hata kwa kidole. "Mzee, kwa moshi wa hii pikipiki kuizungusha hiyo, utakuwa umeshafika Ipole, umekula, umerudi, ndiyo inaanza kuamka." Akasema tabo iendane na injini, ndogo kwa ndogo, kubwa inachelewa, na ikija inakuja yote kwa pamoja kama mgeni wa usiku. Halafu ili nijue hata nikiwa peke yangu, akanionyesha: ukishikishwa tabo iliyotumika, ingiza kidole, shika ile shafti ya katikati, itikise. Ikicheza, rudisha. Ile ya lori ilicheza ngoma.

Ya pili aliileta mtani. Ameiona kwenye simu, inang'aa, buluu, ina waya mbili. Fundi akaitazama picha akasema, "Hii ni feni."

"Imeandikwa tabo," mtani akasema.

"Hata mimi naweza kuandika Mzaramo kwenye mbuzi."

Nilimpenda fundi siku hiyo.

Akanieleza kwamba ya kuaminika huja kamili, vitu vyake vyote pamoja, vilivyotengenezwa kwa injini ile ile na si kwa kubahatisha. Mabomba yake. Njia ya oili ya kuingia na njia ya oili ya kutoka, maana ile shafti inazunguka mno, ikikosa oili inaungua, na oili ikikosa pa kutokea inavuja kwenye moshi. Kitu cha kuongeza petroli, kwa kuwa ukiongeza hewa bila petroli pistoni inatoboka kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Na kile kimlango kinachofunguka chenyewe hewa ikizidi. Hapo nilimwelewa zaidi ya pote. Babu yangu mhunzi alikuwa anamfokea mtu wa mivukuto: polepole, polepole, mbio zinayeyusha jembe! "Usitake msukumo mkubwa," fundi akasema. "Chukua wa chini. Wa chini unaishi." Na iwe na maandishi ya kiwanda, na muuzaji awe mtu anayepokea simu hata baada ya kukuuzia.

"Na hivyo vyote pamoja vinaitwaje?"

"Kit. Sema unataka tabo kit. Kuna jamaa Dar es Salaam anauza vipuri vya hizi pikipiki za mbio, nitakupa namba, umpigie mwenyewe, mimi naitwa Tura kutengeneza mashine ya kusaga. Tabo kit, mzee. Usisahau."

Sikusahau. Nilikwenda nyumbani nalisema njia nzima. Lakini ndugu yangu, ulimi wetu haujui kuacha neno na mlango wazi. Benki ilikuja bila i, tukaifungia i. Soksi, tukafungia. Kabla sijafika nyumbani nalo likawa limeshafungiwa, na kwa kuwa nilitaka kuongea Kiswahili kilichonyooka mbele ya mtu wa Dar, nikalipanga vizuri. Nikapiga.

"Nataka kiti cha tabo," nikasema.

"Kipo, mzee wangu. Cha pikipiki gani?"

Nikamtajia aina, nikamsomea na namba za kwenye fremu.

"Freshi. Unataka kile chenye maandishi?"

"Chenye maandishi. Kisicho na maandishi nitakiaminije?"

"Ninyi wazee mnajua vitu. Cha mmoja au cha wawili?"

Nikakumbuka kwamba kuna injini zinafungwa tabo mbili. "Kimoja kinanitosha."

"Kigumu au laini?"

"Laini," nikasema, nikiwaza ule msukumo wa chini. "Mimi mtu mzima."

"Mgongo wako utakushukuru."

Hapo nilisita kidogo, lakini watu wa Dar wana lugha zao. "Joto linakwenda vipi?" nikamuuliza.

"Hata kishinde juani, mzee, hakikuunguzi."

"Na kuvuja?"

"Tone halipiti! Mvua inyeshe isinyeshe."

Akataja bei. Bei ilikuwa ndogo, ndogo mno, kiasi kwamba fundi angekuwepo angenipokonya simu. Mimi nikasema moyoni, huyu kijana amelelewa vizuri, anaheshimu wazee. Nikatuma.

Mzigo ukaja kwa treni. Mtani, kwa kuwa stesheni ni kama nyumbani kwake, akanisindikiza. Akaupokea yeye. Akaupima mkononi, akaubonyeza kwa kidole, kidole kikazama.

"Mtani," akasema taratibu, "hii tabo yako ina nyama."

"Ni maboksi ya kuzuia isivunjike. Lete."

Tukaufungulia kwa fundi, aliyekuwa amerudi kutoka Tura. Nikakata kamba mwenyewe. Kikatoka kiti. Kiti cha pikipiki, cheusi, kizuri, laini kama shavu la mtoto, na nyuma yake kimedariziwa kwa uzi mwekundu, herufi kubwa kabisa: TURBO.

Sikumbuki nani alianza kucheka. Nadhani ni wote isipokuwa mimi.

"Mzee, uliomba nini?" fundi akauliza akifuta machozi.

"Ulichonituma. Kiti cha tabo."

"Kit! Kit, mzee!"

"Na mimi nimesema nini? Kiti!"

Mtani alikuwa ameshika nguzo ya karakana. "Jamani," akasema, "mwenzetu aliambiwa pumzi inatakiwa mbele, yeye ameitia kwenye makalio."

Harusi ilikuwa Jumamosi inayofuata. Muda wa kurudisha mzigo na kungoja mwingine haukuwapo. Niliona lori la masufuria kama ninavyoiona kalamu hii. Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa na nadhani uso wangu ulionyesha, kwa sababu hata Mzaramo aliacha kucheka, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Fundi akasema kwa upole, "Basi angalau tukifunge, mzee. Hata ikipakiwa kwenye lori, pikipiki itafuata nyuma ikiwa imependeza. Hicho cha mbuzi kinanuka mvua ikinyesha, nilikuwa nakustahi tu."

Sikuwa na nguvu ya kubisha. Nikainamisha kichwa. Akachukua mkasi wa kukatia bati. Ule waya wangu ulimtoa jasho, hilo nimpe haki, alikuwa anatukana kwa Kinyamwezi na kwa Kiswahili. Mwishowe kiti cha mbuzi kikatoka, na chini yake bolti za tangi zikaonekana.

"Na kwa kuwa tumefika mpaka hapa," fundi akasema, na akaniangalia kama mtu anayeomba ruhusa ya kuingia chumbani, "niangalie na hewa?"

"Angalia. Kuna nini tena cha kuficha?"

Akainua tangi. Pale chini pana boksi jeusi ambalo hewa hupita kabla haijaingia injini. Kwenye kona palikuwa na tundu, limetafunwa duara. Fundi akafungua kifuniko.

Matobolwa. Boksi zima. Yamepangwa vizuri kuliko mke wangu anavyoyapanga, na juu yake panya amejitandikia pamba ya godoro langu na kipande cha soksi ambayo niliwahi kumgombeza mjukuu wangu kwa kupotea kwake. Kichujio hakikuonekana. Ile pikipiki siku zote hizo ilikuwa inajaribu kuvuta pumzi kupitia gunia la viazi.

"Mwiteni mama," nikasema. "Mwiteni aje aone sasa hivi."

Mke wangu akaja, akainama, akachukua kimoja, akakinusa. Akanitazama mimi, akalitazama boksi.

"Kumbe," akasema.

"Kumbe nini? Sema mbele ya hawa mashahidi."

"Kumbe mwizi ulikuwa unamfuga wewe." Akayakusanya kwenye kanga yaliyo mazima akaenda zake. Ndiyo radhi niliyopata, sijaongezewa nyingine.

Fundi akasafisha, akaweka kichujio kipya, akaziba tundu kwa bati, akafunga kiti kipya. Nikapanda. Nikatoka na barabara ya Sikonge mpaka palipo wazi, nikaikamua, na naapa nusura niache kofia na meno nyuma. Hakuna kikohozi, hakuna moshi. Ilikuwa inalia kama ngoma iliyokaushwa motoni. Niliporudi fundi hakuuliza kitu, aliona mashavu yangu bado yanatikisika.

Anayesoma haya na anataka tabo asidhani naidharau. Yale aliyoniambia fundi ni kweli na nayashika mpaka leo: ndogo, ya injini ile ile, oili iingie na itoke, petroli iongezwe, kimlango kiwepo, msukumo wa chini, shafti isicheze. Nikipata siku ya neema nitaifunga, mke wangu akilala. Ninaongeza moja tu kwenye hayo: kwanza ondoa kiti.

Kamati ilipokuja kukagua nikawasha, nikaondoka, nikarudi. Mwenyekiti akazunguka nyuma, akasoma yale maandishi mekundu, akatikisa kichwa kwa heshima. "Kweli mzee ameweka tabo." Sikusema ndiyo wala hapana, nilikohoa, kikohozi cha mtu, si cha pikipiki. Nikamtazama mtani. Kati ya wanaojua, yeye ndiye pekee ambaye angeniumbua. Akanisogelea sikioni.

"Nitanyamaza, mtani. Lakini unajua utani una ada."

Jumamosi nilitangulia. Koti la suti, kofia ngumu, kifudifudi. Nyuma yangu gari la mjukuu, nyuma yake basi la kwaya, halafu lori la masufuria yakilia bila mtu wa kuyashika, na mtani na kapikipiki kake pembeni, ana mbuzi mwingine. Kwenye ule mwinuko wa Sikonge kulikuwa na lori la tumbaku, sijui kama ni lile lile. Kwangu mimi lilikuwa lile lile. Niliingia upande wa pili barabara ikiwa tupu, nikalipita, na msafara wote ukalipita nyuma yangu mmoja mmoja, wanakanyaga nilipokanyaga. Niligeuka kidogo. Mjukuu wangu alikuwa amejiegemeza mbele katikati ya viti, shela limemporomoka puani, ananipungia. Sitaandika nilivyojisikia. Macho yalitoa maji, lakini kwenye mwendo ule ni upepo.

Ipole wakatupokea kwa vigelegele. Mkwe wetu, baba wa bwana harusi, mzee wa mizinga, akaizunguka pikipiki. "Nasikia ina tabo. Iko wapi?"

"Nimekuja nimeikalia," nikamwambia, na sikudanganya.

Tukala, tukacheza, nikamkabidhi mke wangu mdogo kwa maneno mazuri. Nilipotoka ili niondoke, pikipiki ilikuwa imebaki vyuma vitupu pale penye kiti. Pale katikati ya uwanja Mzaramo alikuwa anacheza, kiti changu juu ya kichwa, mikono ameiachia kama mpagazi wa zamani, na kina mama wanamtuza.

"Ada!" akapiga kelele. "Nimeshachukua ada! Mnyamwezi amechoka kubeba, leo nambebea mimi!"

Watu wote walikuwa wananiangalia kuona kama nitanuna. Nikacheka. Sheria ni sheria, na kofia yake ninayo.

Nikakunja gunia, nikalitandika juu ya vile vyuma, nikakaa. Kwa kukalia vile huwezi kwenda kasi, hata ukiwa na tabo kumi. Kapikipiki ka Kichina kakanipita kabla hatujatoka Ipole, kakakaa mbele yangu hapo hapo bila haraka, na mtani kiti amekifunga mgongoni kama mtoto, maandishi yamenielekea mimi. Kutoka Ipole mpaka Isevya, kila shimo nililopigwa, niliinua macho nikasoma: TURBO.